Mashine ya santuri inasumbua: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

Mashine nyingi za santuri zinazofikishwa kwa mafundi redio wa Mbeya, Iringa na Njombe, huku mwenyewe akieleza kwamba imekufa, kwa kweli hazijafa bali zimekauka. Grisi iliyopakwa kiwandani miaka arobaini au hamsini iliyopita imeganda kama nta, mpira umekuwa mgumu au umeyeyuka, na pini za shaba zimeota kutu ya kijani, ilhali mota, transfoma na mkono bado ni vizima kabisa. Anayeanza kwa kununua mota au amplifaya nyingine kabla ya kusafisha na kulainisha hutumia fedha mahali ambapo tatizo halipo. Ndiyo sababu katika kila dalili iliyoelezwa hapa chini vyanzo vimepangwa kuanzia kile ambacho kukichunguza hakugharimu kitu, na vya kununua vimewekwa mwisho.

Katika maelezo haya, sahani ni ile sehemu inayozunguka na kubeba santuri, mkono ni ule unaobeba sindano, na katriji ni kijisanduku kidogo kwenye ncha ya mkono ambacho hugeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme. Sahani huzungushwa kwa njia tatu: kwa mkanda wa mpira, kwa gurudumu la mpira linalobana kati ya mota na ukingo wa sahani, au moja kwa moja na mota iliyo chini ya mhimili. Garrard na BSR za Uingereza, ambazo ndizo zilizofungwa ndani ya radiogramu nyingi za sebuleni za zamani, kwa kawaida ni za gurudumu. Technics SL-1200, iliyotoka mwaka 1972, ni ya mota ya moja kwa moja. Ijue yako ni ya aina gani, kwa maana nusu ya matatizo ya kasi hutegemea hilo.

Kabla ya kuchomeka plagi

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani inataka volti 100 na ya Marekani volti 120, na ukiichomeka ukutani moja kwa moja utaunguza transfoma au mota yake kwa muda mfupi tu, na hapo ndipo itakuwa imekufa kweli. Soma kibati cha maelezo kilicho nyuma au chini ya mashine. Baadhi ya mashine zina swichi ya kuchagulia volti iliyofichwa chini ya sahani. Ikiwa imeelekezwa 110 au 120, ihamishie 220 au 240 kabla ya kufanya jambo jingine. Pia fungua plagi ya pini tatu utazame fyuzi yake, kwani fyuzi ya ampea 13 inayokuja na plagi za dukani ni kubwa mno kwa mashine inayotumia wati chache. Ya ampea 3 inatosha.

Sahani haizunguki kabisa

Tega sikio kwanza. Ukisikia mota ikizunguka lakini sahani imetulia, ing'oe sahani uangalie mkanda. Mara nyingi utaukuta umelegea na kuanguka, au umeyeyuka na kuwa kitu cheusi kinachonata kila mahali kilipogusa. Uchafu huo hautoki kwa maji. Utoe kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, ukianza na puli ya mota, kisha sehemu ya sahani ambako mkanda hupita, na urudie mpaka pamba itoke nyeupe. Petroli isitumike, kwa sababu huharibu plastiki na rangi. Ili kupata kipimo cha mkanda mpya, pitisha uzi katika njia yote ya mkanda, upime urefu wake, kisha agiza mkanda ambao mzingo wake ni mfupi kuliko uzi huo kwa asilimia 5 hivi. Kuna desturi ya kukata ukanda kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, na ni kweli kwamba sahani itazunguka. Lakini mpira ule hauna unene ulio sawa, na unene wa mkanda huingia katika hesabu ya kasi, hivyo muziki utayumba na kwenda mbio kuliko ipasavyo. Utumie kwa kujaribia mashine tu, usiuache hapo.

Ukisikia mota ikivuma bila kuzunguka, chomoa umeme na uzungushe mhimili wa mota kwa vidole. Ukiwa mgumu, mafuta yake yamekauka: safisha kwa spiriti na utie matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani kwenye beringi za juu na chini. Ukiwa mwepesi lakini mota bado haiondoki, au inaondoka kuelekea upande usio wake, mshuku kapasita wa mota, ambaye kazi yake ni kuipa mota mwelekeo. Kapasita huyo hubadilishwa kwa mwingine mwenye thamani ileile ya maikrofaradi na uwezo wa kuhimili volti usiopungua ule wa awali, na asiguswe kabla ya kuhakikisha kwamba hana chaji iliyobaki.

Kukiwa na ukimya mtupu, chunguza fyuzi, waya wa umeme mahali unapoingilia kwenye mashine, na swichi. Katika mashine nyingi swichi huendeshwa na mkono wenyewe, kwa maana kwamba mota huwaka pale mkono unaponyanyuliwa na kusogezwa kuelekea kwenye santuri, na mtu asiyelijua hilo anaweza kutangaza ubovu usiokuwapo. Kwenye swichi hiyo huwa pia kuna kapasita mdogo wa kuzima cheche. Yule wa karatasi wa miaka ya zamani hupasuka na kutoa moshi mkali wenye harufu mbaya, nao hutisha kuliko unavyodhuru: chomoa, mwondoe, weka mpya wa aina iliyoidhinishwa kuunganishwa na umeme wa ukutani.

Kasi si sahihi

Hapa ndipo mashine za mtumba huwachanganya watu zaidi, na hapa ndipo panapofaa kutulia. Kasi hupimwa bila chombo chochote. Bandika kipande kidogo cha karatasi kwenye ukingo wa sahani, weka santuri na ushushe sindano ili mzigo uwe wa kawaida, kisha hesabu mizunguko kwa dakika tatu kwa saa ya simu. Kwa kasi ya 33⅓ inapaswa kuwa mizunguko 100 kamili; kwa kasi ya 45 inapaswa kuwa 135.

Ukipata mizunguko 83 badala ya 100, na sauti ya mwimbaji imeshuka kwa takriban nusutoni tatu hata bendi nzima inaonekana kusinzia, usitafute ubovu. Mashine hiyo ilitengenezwa kwa umeme wa hezi 60, kama ule wa Marekani au wa magharibi mwa Japani, na mota yake hufuata hezi za umeme, si volti. Wauzaji wengi huwapa wateja transfoma ya kushusha umeme na kuwaahidi kwamba mambo yamekwisha, wala si kwa hila bali kwa kutojua: transfoma hubadilisha volti tu, hezi haizigusi. Tiba ni puli ya mota ya hezi 50. Watengenezaji kama Dual na Thorens walitoa puli za aina zote mbili kwa mashine ileile, kwa hiyo inafaa kuitafuta kwanza. Isipopatikana, fundi wa kukereza vyuma anaweza kuitengeneza, ila hesabu lazima iingize unene wa mkanda. Tuseme puli yako ina kipenyo cha milimita 10 na mkanda una unene wa milimita 0.6, kipenyo halisi cha kazi ni 10.6, ambacho kikizidishwa kwa 1.2 kinakuwa 12.72, na ukiondoa mkanda unabaki na puli ya milimita 12.1. Kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita hapo litasikika kwa mwenye sikio zuri, kwa hiyo mpe fundi kipimo cha vernia, si cha rula. Mashine za mota ya moja kwa moja, na zile za mkanda zenye mota ya umeme wa mkondo mmoja (DC) inayoendeshwa na saketi yake, hazina tatizo hili, na kwa sababu hiyo ndizo ninazomshauri mtu anayenunua mzigo wa nje bila kuuona.

Mashine ikianza taratibu asubuhi na kupata kasi yake baada ya robo saa, chanzo ni baridi juu ya grisi kuukuu. Mwezi wa Juni na Julai, Njombe, Makete na Mafinga, dalili hii ni ya kawaida kiasi kwamba wenye mashine huizoea na kuanza kuiwasha mapema ili ipate moto. Haifai kuizoea, kwa kuwa mota inayokazana huchosha mkanda na beringi zake. Ng'oa sahani, futa mhimili na shimo lake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, toa mafuta yote ya zamani bila kuyachanganya na mapya, kisha tia matone machache ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hayafai kabisa; yataganda na kunata kuliko yale uliyoyatoa. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu nazo hukauka upesi na kuacha chuma kikisagana na chuma.

Kwa mashine za gurudumu, chunguza mpira wa gurudumu. Ukiwa mgumu na unang'aa, unateleza. Uguse kidogo kwa msasa laini huku ukiuzungusha, kisha ufute kwa spiriti pamoja na ukingo wa ndani wa sahani. Mota za BSR za bei nafuu, tofauti na zile zinazofuata hezi peke yake, hupungua kasi kidogo volti zinaposhuka, jambo ambalo wanaoishi mwisho wa laini ya umeme hulisikia jioni majirani wote wanapowasha pasi na majiko.

Wanaotumia jenereta au sola wana suala la peke yao. Jenereta ndogo hubadilisha hezi kadiri mzigo unavyopanda na kushuka, na mota inayofuata hezi itapanda na kushuka nayo. Inveta ya bei ya chini, isiyotoa wimbi laini, huifanya mota ivume na kupata joto. Tena tahadhari: taa ndogo ya kupimia kasi iliyo kando ya sahani zenye vidoti ukingoni hupata umeme kutoka chanzo hichohicho, kwa hiyo vidoti vitaonekana vimesimama vizuri hata pale kasi ilipopotoka. Katika hali hiyo amini saa na kile kipande cha karatasi.

Mwishoni kuna mashine zenye kirekebisha kasi, yaani kitufe cha pembeni au skrubu ndogo chini ya mashine. Kasi ikirukaruka unapokigusa, kimeingia vumbi. Kizungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi umeme ukiwa umezimwa, na tatizo likirudi kipulizie dawa ya kusafishia viungo vya umeme.

Kasi ni sahihi lakini sauti inayumba

Pima muda wa yumbo. Likirudi kila baada ya sekunde 1.8 kwenye santuri ya 33⅓, linafuata mzunguko wa sahani, hivyo shida iko kwenye santuri au sahani yenyewe. Tazama mkono kwa pembeni: ukipanda na kushuka, santuri imepinda, ukisogea kushoto na kulia, tundu la katikati halikutobolewa mahali pake. Santuri ndogo zenye tundu kubwa zinahitaji kizibo cha katikati kinachobana vizuri, na kile cha kuchonga nyumbani kutoka mfuniko wa chupa ndicho chanzo cha mayumbo mengi ninayoyasikia kwenye santuri za zamani za dansi zilizochapwa Nairobi. Yumbo likiwa la haraka zaidi ya hapo, fuata mkanda, puli au gurudumu. Gurudumu lililoachwa likiwa limebanwa kwa miaka bila kuzunguka hupata bapa upande mmoja, nalo hutoa mdundo wa kila mara. Msasa hauwezi kuondoa bapa lenye kina, ni la kubadilishwa au kuvalishwa mpira mpya.

Hakuna sauti, au sauti ni hafifu na haina besi

Siku hizi dalili hii karibu kila mara humaanisha kwamba mashine imeunganishwa kwenye sabufa. Katriji ya sumaku, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye mashine nzuri, hutoa umeme mdogo sana, kiasi cha milivolti 3 hadi 5, wakati tundu la AUX la sabufa linategemea kiwango cha simu au deki, ambacho ni kikubwa mara mamia. Si kiwango peke yake. Wakati wa kuchonga santuri, besi hupunguzwa ili mifereji isiwe mipana mno na sauti za juu huongezwa ili zizidi mkwaruzo wa plastiki, kwa kufuata kanuni ya RIAA iliyokubaliwa mwaka 1954; lazima basi pawepo kifaa cha kurudisha hali hiyo nyuma wakati wa kupiga. Kifaa hicho ni priampu ya santuri. Amplifaya za zamani zinayo ndani, kwenye tundu lililoandikwa PHONO. Sabufa haina, na kuongeza sauti hadi mwisho hakutasaidia. Nunua priampu ndogo ya kuweka katikati, au chagua mashine ambayo tayari inayo ndani yake.

Kinyume chake pia hutokea. Mashine yenye priampu yake, swichi ikiwa LINE, ikiunganishwa kwenye tundu la PHONO hutoa sauti kubwa iliyopasuka na yenye besi za kupindukia. Hapo hakuna kilichoharibika. Rudisha swichi PHONO au hamisha waya kwenda AUX. Radiogramu za zamani zenye katriji ya kauri ni hadithi tofauti: katriji hiyo hutoa umeme wa kutosha na haihitaji priampu, hivyo inaweza kupelekwa AUX moja kwa moja.

Upande mmoja umenyamaza

Badilishana plagi mbili za sauti nyuma ya amplifaya, ya kushoto iende kulia. Ukimya ukibaki kwenye spika ileile, tatizo ni la amplifaya au spika na unaweza kuiacha mashine ya santuri kwa amani. Ukimya ukihama, tatizo liko kwenye mashine, na mahali pa kwanza ni zile pini nne ndogo za katriji. Nyekundu ni kulia na kijani ni kulia hasi; nyeupe ni kushoto na buluu ni kushoto hasi. Zivute moja moja kwa koleo jembamba, ukishika klipu na si waya, maana waya wenyewe ni mwembamba kuliko unywele na hukatika kwa kuguswa. Zisafishe kwa spiriti na uzirudishe. Usilehemu klipu ikiwa ingali kwenye pini, kwani joto la lehemu hupenya ndani ya katriji na kukata koili yake. Pale kichwa, yaani kipande kinachoshika katriji, kinapochomolewa kutoka kwenye mkono nako huwa na pini nne zenye kutu, na mara nyingi kuzifuta tu hurudisha muziki.

Mvumo mzito usiokoma

Mashine nyingi zina waya mwembamba wa tatu, wa ethi, ambao hutakiwa kufungwa kwenye skrubu iliyo nyuma ya amplifaya. Watu huukata wakidhani ni wa ziada. Ufunge, na mvumo mwingi utakwisha. Ukiwa umefungwa na mvumo bado upo, sogeza mashine mbali na amplifaya, kwa kuwa transfoma ya amplifaya hurusha mvumo ndani ya katriji. Ukipungua kadiri unavyoisogeza, umepata jibu. Angalia vilevile klipu mbili za hasi kwenye katriji. Baada ya hapo ndipo uitazame nyumba yenyewe: fito za ethi zilizochimbiwa kwenye udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida, na katika miezi ya kiangazi Iringa mvumo unaweza kuongezeka na kupungua tena mvua zinaponyesha. Kwa vyovyote vile usikate pini ya ethi ya plagi ya amplifaya ili kuua mvumo. Ni bora kusikiliza na mvumo kuliko kugusa chuma chenye umeme.

Sauti inajirudia na kupiga yowe unapoongeza

Spika zinatikisa meza, meza inatikisa sindano, sindano inarudisha mtikisiko kwenye spika. Sabufa ikiwa juu ya kabati moja na mashine, hakuna marekebisho yatakayosaidia mpaka moja ihame. Kwenye nyumba za sakafu ya mbao, iwekee mashine rafu iliyopigiliwa ukutani, na hapo hata hatua za watoto hazitairusha sindano.

Sindano inaruka, inateleza au inarudia mstari mmoja

Anza na santuri. Isafishe kwa maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo, ukifuata mzunguko wa mifereji kwa kitambaa laini, suuza, uisimamishe ikauke. Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe yasiyo na chumvi; yale maji safi yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri yanafaa, lakini soma chupa kwa makini, kwa sababu kwenye rafu ileile huuzwa pia tindikali ya betri. Spiriti inafaa kwa santuri za plastiki pekee kwa kiasi kidogo. Santuri nzito za kasi ya 78 ni za sheleki, na spiriti huziyeyusha. Katika nyumba zinazoota jiko la mkaa sebuleni wakati wa baridi, masizi yenye mafuta hutua juu ya santuri na kujibandika kwenye sindano. Futa sindano kwa brashi laini, kutoka nyuma kwenda mbele tu.

Santuri ikiwa safi, pima uzito wa sindano. Weka mkono uelee sawasawa kwa kurekebisha kipande cha uzito cha nyuma, kisha ongeza hadi kiwango cha katriji: katriji nyingi za sumaku hutaka gramu 1.5 hadi 2, baadhi za bei nafuu hutaka 3 hadi 3.5, na za kauri huenda 4 hadi 6. Mizani midogo ya kidijitali ya wanunuzi wa dhahabu, ya aina inayoonekana Chunya, inapima hadi sehemu ya mia ya gramu na ni sahihi kuliko mizani mingi inayouzwa kwa kazi hii. Ila kisahani chake kikiwa cha chuma kitavuta sumaku ya katriji na kukudanganya, hivyo weka juu yake kipande cha mbao au plastiki chenye unene wa kutosha, urudishe mizani sifuri, na upime sindano ikiwa kwenye kimo cha santuri. Watu hupunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri. Sindano nyepesi kupita kiasi hurukaruka ndani ya mfereji na kuuchimba, na madhara yake ni makubwa kuliko ya sindano iliyozidi nusu gramu.

Sindano ikiruka siku zote kuelekea katikati, ongeza kinzani ya mvuto wa mkono, yaani kirekebishi kiitwacho "anti-skate". Ikiruka kuelekea nje, ipunguze. Na kabla ya hayo yote weka kipimo cha usawa, hata kile cha waashi, juu ya sahani.

Sauti inakwaruza, hasa mwishoni mwa upande

Sindano ya almasi hudumu kati ya saa 500 na 1000, na mashine ya mtumba haikuji na kumbukumbu ya saa zake. Itazame kwa lenzi ya fundi saa: ncha inapaswa kuwa ya mviringo, na ukiona bapa mbili zinazong'aa pembeni, itupe, kwa sababu inakata santuri kila inapopita. Sindano ikiwa mpya na herufi za "s" bado zinakwaruza kwenye nyimbo za mwisho, katriji haijakaa kwenye pembe yake. Tumia karatasi ya kupimia pembe, au kwa SL-1200 hakikisha ncha ya sindano iko milimita 52 kutoka kwenye kiungo cha kichwa. Santuri za 78 zina mifereji mipana na zinahitaji sindano yake, nene mara tatu au nne. Ya kawaida itatambaa chini ya mfereji na kuleta kelele tupu.

Mkono haurudi wenyewe

Ni grisi iliyoganda chini ya mashine. Usilazimishe mkono kwa nguvu, kwani meno ya plastiki huvunjika na hayapatikani tena. Fungua chini, safisha kila kiungo, paka grisi mpya kidogo. Ikishindikana, mashine nyingi hufanya kazi vizuri tu kwa kurudisha mkono kwa kidole.

Unapochagua ya kununua

Iwe ni Mwanjelwa, Tunduma au kwenye nyumba ya mtu anayehama, fuata mpangilio huohuo. Soma kibati cha volti na hezi. Zungusha sahani kwa mkono na usikilize kama inasaga. Shika mkono polepole ujaribu kuutikisa pembeni. Ukiwa na mchezo, beringi zake zimeharibika, na huo ndio ubovu mmoja ambao kwa kawaida haurudishiki kwa bei inayostahili, hivyo iache. Mkanda uliokatika, sindano iliyokwisha, mfuniko uliopasuka na mkono usiorudi ni sababu za kupunguziwa bei, si za kukataa. Kichwa kikiwa kimepotea, hakikisha ni cha aina inayochomolewa na kufungwa kwa pete, kwa kuwa hicho hupatikana kirahisi. Mashine mpya za plastiki zenye spika ndani yake ningeziepuka: nyingi zinatumia katriji za kauri zinazolemea santuri na hazina cha kurekebisha.

Kabla ya kuipakia kwenye basi, ng'oa sahani uifunge peke yake kwa blanketi, toa kipande cha uzito wa nyuma ya mkono, funga mkono kwa uzi kwenye kishikizo chake, na kama mashine ina skrubu za kukazia mota wakati wa safari, zikaze. Sahani iliyoachwa mahali pake hupiga mhimili katika kila tuta la barabara kutoka Tunduma hadi Mbeya, na beringi iliyopata pigo hilo haitatulia tena.